Mbegu ya Shamba Jipya

Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii. Saa za jioni husaidia kutengeneza programu za Debian, mfumo wa kompyuta ulioanzishwa mwaka 1993, ambao kila mtu hupewa bure, pamoja na ruhusa ya kuurekebisha.

Aina mpya ya kompyuta itokeapo, haina programu, kama shamba lisilo na mbegu. Sharti mbegu ya kwanza itoke shamba jingine: programu hujengwa katika kompyuta ya aina ya zamani, kisha hupelekwa kwenye mpya. Ndivyo ilivyoanza RISC-V, iliyoingia rasmi katika Debian 13 mwaka 2025.

Lakini programu nyingi hukwama. Nyingine humtaja fundi mmoja tu, "gcc", naye huijengea kompyuta ileile anayofanyia kazi. Mimi hulifuta jina hilo, nikaacha nafasi ili kila mjenzi ataje fundi amtakaye. Nyingine hujaribu kuendesha palepale kitu kilichojengwa, kama mshonaji avaaye nguo ya mtoto apate kujua kama yamtosha mtoto. Hiyo huigeuza ipime bila kuendesha.

Rekebisho lenyewe huwa mistari michache. Likikubaliwa, wajenzi wote watakaofuata hupita hapo salama. Wadogo zangu, kazi hii haidai kompyuta ya fahari. Yadai subira, na kusoma habari za makosa neno kwa neno.