Moyo Umetibiwa, Sauti Iko Wapi?



Katika kila watoto 100 wanaozaliwa duniani, takriban mmoja huzaliwa na hitilafu ya moyo. Tunapoombwa kumsalia mtoto kama huyo, sala yetu huelekea moyoni tu. Nasi tukisikia kwamba upasuaji umefanikiwa, tunashukuru na kuendelea na shughuli zetu. Juma hili napenda tutafakari jambo ambalo wengi hatulifahamu: matibabu ya moyo hupita jirani sana na njia ya pumzi, na pengine jeraha hubaki huko.

Mwaka jana niliitwa hospitalini kumbatiza mtoto wa siku tisa kabla hajapasuliwa, kwa maana Kanisa linaagiza kwamba mtoto aliye katika hatari ya kufa abatizwe bila kukawia. Alikuwa amewekewa mpira wa kupumulia. Maji yalipomgusa alikunja uso, akafungua kinywa, akalia. Lakini hatukusikia chochote. Muuguzi alitueleza kwamba mpira huo hupita katikati ya nyuzi za sauti, hivyo mtoto hulia bila mlio.

Upasuaji ulifanikiwa. Hata hivyo, mpira ulipoondolewa, kilio kilitoka hafifu, kama cha mtu aliyekaukiwa na sauti. Daktari hakumficha mama sababu yake. Neva inayoendesha uzi wa sauti wa kushoto haiendi kooni moja kwa moja. Huteremka hadi kifuani, huzunguka chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ndipo hupanda tena. Daktari anayerekebisha mshipa huo, au anayefunga ule mshipa mdogo ambao ulipaswa kujifunga wenyewe baada ya kuzaliwa, hufanya kazi milimita chache tu kutoka kwenye neva hiyo. Robert Gross wa Boston aliufunga mshipa huo mdogo kwa mafanikio mwaka 1938. Vifaa vimeboreshwa sana tangu hapo, ila neva ingali palepale.

Mpira nao una hatari yake. Chini kidogo ya nyuzi za sauti, njia ya hewa ya kichanga ina upana wa milimita nne au tano hivi. Uvimbe wa milimita moja kuizunguka pande zote huondoa zaidi ya nusu ya nafasi ya hewa. Mpira ukikaa muda mrefu, kovu laweza kuibana njia hiyo kabisa.

Tena nyuzi hizo si za sauti pekee. Hufunga mlango wa hewa tunapomeza. Uzi mmoja ukilegea, maziwa yaweza kuingia mapafuni, pengine pasipo mtoto hata kukohoa.

Walipoletwa nyumbani, majirani walimsifu mtoto kwamba ni mtulivu, hasumbui. Wahenga walinena, kimya kingi kina mshindo mkuu. Mama alijua kwamba mtoto asiyeweza kulia hawezi kumwamsha usiku, kwa hiyo alilala mkono wake ukiwa juu ya kifua cha mwanawe, au hakulala kabisa. Akina mama wa jumuiya yake walipoelewa hayo walipangiana zamu za mchana, ili naye apate saa mbili za usingizi. Leo sauti ya mtoto imeanza kurudi, ingawa bado inakwaruza. Wapo wenzake ambao neva zao haziponi.

Ndugu zangu, katika jumuiya zenu mkiwa na mtoto wa namna hii, msimpe maji wala uji kwa huruma tu. Mwacheni mama afuate maelekezo aliyopewa. Mkisikia mlio anapovuta pumzi, mkiona anapaliwa mara kwa mara au midomo inabadilika rangi, msaidieni mama kufika hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa manane. Na kabla ya kumpongeza kwa utulivu wa mtoto, mwulizeni kwanza kama yeye mwenyewe amelala.

Nawatakieni Dominika njema.