Kistari Chini ya Elimu

Kazi ya programu za mazishi hubisha hodi usiku. Kamati ikimaliza kikao, mtu hutumwa kwangu hapa Kinoru, Meru, mkononi ana karatasi iliyojaa majina ya wajukuu na kwenye simu ana picha moja yenye ukungu. Muuga FM imeshatangaza, siku ya kuzika inajulikana, kwa hiyo hakuna kulala. Marehemu wengi nimewatoa kwenye picha za harusi za watu wengine. Mara nyingi bega la jirani hung'ang'ania, nami nalifuta polepole kama anayeomba radhi.

Safari hii aliyetumwa aliweka karatasi mezani asiseme neno. Marehemu alikuwa Fundi.

Vichwa ni vile vile siku zote: kuzaliwa, elimu, ndoa, kazi, ugonjwa. Chini ya elimu kamati ilikuwa imechora kistari kifupi. Hawakukosea. Darasani hakukaa sana, na uchoraji hakufundishwa na mtu. Herufi alizitoa kwenye mkebe wa Kimbo wa mama yake, akizinakili kwa kaa ukutani hadi akachapwa. Tangu hapo K ilikuwa yake. Mguu wa chini aliurefusha ukapita herufi mbili mbele, na mtu angejua kinyozi huyu, kinu hiki, kanisa hili, vyote vimepita mikononi mwake.

Sijui ningeiitaje kazi yake kwa neno moja. Aliandika majina ya matatu na bei za nyama kwenye vibao vya bucha. Mwaka 2007 M-Pesa ilipoingia, kuta zikaanza kugeuka kijani, naye akala kijani kwa muda. Kati ya kazi na kazi alipaka dari, akauza maparachichi, akawa msaidizi wa fundi seremala. Misalaba ya makaburi aliandika miaka yote. Hiyo haikuwahi kukosa wateja. Uwanja wa Kinoru ulipoanza kukarabatiwa kwa ajili ya mashindano ya soka ya CHAN ya 2018, alinunua brashi mpya mbili, akiamini ukuta mrefu namna ile hauwezi kukosa mwandishi. Septemba 2017 Kenya ikapokonywa mashindano, yakaenda Morocco. Brashi zile aliziweka ndani ya soksi.

Furaha yake hasa ilikuwa nyuki. Mizinga yake ya magogo ilikuwa upande wa Tharaka, kwa kina mama yake, na kila mmoja aliukata alama kwa kisu. Nilimwuliza mbona anahangaika na kisu ilhali ana rangi. "Mwanangu," akasema, "nyuki hapendi harufu ya rangi. Tena haombi punguzo."

Mimi ndiye niliyemshikia uzi wa chaki. Miaka mitatu nilivuta uzi, nikaosha brashi kwa tapentaini, nikajifunza kuegemeza mkono juu ya fimbo usitetemeke. Kisha nikaanza kupotelea saibakafe, nikilipia dakika, nikichungulia jinsi wengine wanavyotumia CorelDRAW. Na mimi sina cheti, lakini ukosefu wangu ulikuwa na umeme. Bango alilochora kwa siku mbili nililitoa kwa saa moja, nikalipeleka kuchapwa kwenye turubai, kwa nusu ya bei. Wateja wa kwanza walikuwa wake. Hakunilaumu, na kusema kweli ningependa angenilaumu.

Usiku ule nilimfikiria Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, aliyefanya kazi mashamba ya mkonge Tanga na bustani za watu Dar es Salaam kabla ya kuanza, mnamo 1968, kuchora wanyama kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa makosa. Miaka minne tu, na bado jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, kwa sababu jamaa zake waliojifunza kwake waliendelea kushika brashi. Fundi alikuwa na mwanafunzi mmoja.

Programu hupangwa kwa kurasa nne nne, ndipo ikunjike. Maneno ya Fundi yalijaa saba. Ukurasa unaobaki huwa nauwekea wimbo wa tenzi, lakini asubuhi nilizunguka na simu nikitafuta ukuta. Kinyozi wa kwanza alishabandika stika yangu. Wa pili vilevile. Nikapata kinu kimoja kilichofungwa, rangi imebanduka, K bado imenyoosha mguu. Nikaiweka ukurasa wa nane bila maelezo. Kile kistari cha elimu nilikiacha.

Jioni seremala alileta msalaba mtupu, akasimama nao mlangoni. "Sasa huu nani ataandika?"

Mjane alinipa soksi. Brashi moja ilikuwa haijawahi kuguswa. Mkono ulitetemeka hata juu ya fimbo, na mistari ya jina ikapanda kuelekea kulia, kitu ambacho yeye angekifuta na kuanza upya. Nilichelewa kumaliza na baridi ya Meru haikaushi kitu usiku. Kesho yake mjukuu aliyeubeba alirudi kutoka kaburini na nusu ya herufi kiganjani, akamwomba nyanyake tapentaini.