Kasese hadi Bwera: Nyasi Tele, Robota Haba

Barabara itokayo mji wa Kasese kwenda Bwera, karibu na mpaka wa Uganda na Kongo, ina urefu wa zaidi ya kilomita 50. Mkono wa kulia husimama milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Mkono wa kushoto hutandaa mbuga mpaka Ziwa George na, mbele zaidi, Ziwa Edward. Tambarare iliyo chini ya milima hiyo hupata mvua chache kuliko miteremko iliyo juu yake. Msafiri apitaye baada ya mvua nyingi huziona nyasi zimefika kiunoni. Apitaye Februari au Julai hukuta vumbi, majivu ya moto wa nyika, na ng'ombe ambao mbavu zao zahesabika. Mahali ni pale pale, na nyasi ni zile zile. Kilichokosekana ni mikono ya kuzikata na kuzifunga siku zilipokuwa tele.

Na kufunga robota si jambo geni Kasese. Pamba imelimwa kwa miaka mingi katika tambarare za wilaya hiyo, na Chama cha Ushirika cha Nyakatonzi kilijulikana kwa kinu chake cha kuchambulia pamba. Pamba iliyochambuliwa ni nyepesi, nayo hujaza nafasi kubwa bure. Lakini ikishindiliwa na kufungwa, robota moja la Uganda huwa na kilo 185, nalo hupangwa ghalani kama tofali. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Leo garimoshi halifiki tena, bali somo la robota limebaki: kitu chepesi kisichofungwa hakisafiri mbali wala hakihifadhiki.

Kusini ya mji, katika njia panda ya Kikorongo, barabara hugeuka magharibi kuelekea Bwera. Hapo msafiri yumo katika nchi ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952. Ni nchi pia ya Wasongora, wafugaji wa ng'ombe wenye pembe ndefu, ambao malisho yao ya zamani yalipungua hifadhi ilipowekwa na mashamba yalipoongezeka. Mnamo mwaka 1999 baadhi yao walivuka mpaka na mifugo yao wakaingia Virunga, Kongo. Mwaka 2006 wakarudi Uganda, na ugawaji wa ardhi baina ya wafugaji na wakulima ukawa jambo zito. Zamani mfugaji aliyekosa nyasi alihama. Sasa mahali pa kuhamia ni pachache, na ng'ombe aingiaye hifadhini au katika shamba la mtu huleta kesi na ugomvi. Kwa mfugaji wa namna hiyo, nyasi zilizowekwa ghalani zina thamani ya amani.

Katika nchi nyingine tatizo hilo la kufunga nyasi lilizaa mashine nyingi, na mojawapo inastahili kukumbukwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, mvumbuzi mmoja wa jimbo la Nebraska, Marekani, Ummo Luebben, alibuni mashine iliyozikunja nyasi kavu kama mkeka. Kampuni ya Allis-Chalmers ikauendeleza uvumbuzi huo, na kuanzia mwaka 1947 ikawauzia wakulima mashine ndogo ya kukokotwa na trekta. Nyasi ziliokotwa, zikapita kati ya rola, zikaviringishwa na mikanda hata likapatikana robota la mviringo lenye kilo 20 hadi 45 hivi, ambalo mtu mmoja aliweza kulinyanyua. Mashine ilizungusha kamba juu ya robota bila kupiga fundo lolote. Na kwa kuwa nyasi zilikunjwa tabaka juu ya tabaka, mvua iliteremka ubavuni mwa robota kama inavyoteremka juu ya paa la makuti.

Ila nayo haikukosa ila. Kila robota lilipojaa, dereva alilazimika kusimamisha trekta, akangoja kamba izungushwe na robota litoke, ndipo asonge mbele. Penye mteremko robota lilibingirika hadi bondeni. Wenye mashamba makubwa walichoshwa na kusimamasimama huko, na mwaka 1960 utengenezaji ukakoma, ingawa katika miaka ya 1970 mashine hizo ziliundwa tena kwa muda mfupi. Mwaka 1971 kampuni ya Vermeer ya jimbo la Iowa ilitoa mashine ya robota kubwa la mviringo, lenye uzito wa karibu tani moja, lisilobebeka ila kwa trekta.

Hata hivyo mashine zile ndogo hazikufa zote. Mpaka leo Marekani na Kanada wapo wakulima wanaozitengeneza na kuzitumia. Mkanda ukikatika hushonwa au hubadilishwa. Beringi ikiisha hutafutwa nyingine ya kipimo hicho. Rola lililopinda hung'olewa katika mashine iliyokufa. Kiwanda kilikwisha zamani kuacha kuziunda, bali ujuzi haukuacha: mzee humwonyesha kijana jinsi ya kukaza mikanda na kupitisha kamba. Chombo chaweza kuishi zaidi ya kiwanda chake, mradi wawepo wanaokumbuka namna ya kukitengeneza.

Afrika ya Mashariki nayo ina sehemu yake katika habari hiyo, kwa sababu kamba iliyofunga nyasi za ulimwengu ilikuwa aghalabu ya katani. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, na nchi hiyo ikaja kuwa ya kwanza duniani kwa zao hilo. Kamba za mashine za mashambani zilikuwa soko lake kubwa, na kamba za plastiki zilipoenea soko likadorora. Basi mkulima wa ng'ambo aliyefunga nyasi zake huenda alishika mkononi jasho la mkata mkonge wa Tanga.

Msafiri afikapo Bwera, na hatua chache mbele Mpondwe, penye soko kubwa la mpakani, huona jinsi mizigo ya huko inavyokwenda: kichwani, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Robota la tani moja halina kazi hapo. Robota la kilo 20 lina kazi. Ndiyo maana chombo kinachofaa nyumba nyingi za nchi hiyo ni ndugu maskini wa mashine ya Luebben: sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kina cha 45. Seremala yeyote aweza kuliunda, na ubao ukivunjika aweza kuubadilisha siku hiyo hiyo.

Matumizi yake ni haya. Nyasi hukatwa zinapoanza kutoa maua, kwani zikikomaa sana hugeuka miti mitupu. Huanikwa siku mbili au tatu za jua na kugeuzwageuzwa. Kamba mbili hutandikwa ndani ya sanduku, ncha zake zikiachwa nje, nyasi hujazwa na kushindiliwa kwa miguu, kamba hukazwa, kisha sanduku huinuliwa na robota hubaki. Kazi hii yataka watu wawili, na watoto waliotoka shule huiweza. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya nyasi mbichi huoza upesi, hupata ukungu, na hata huweza kupata joto ikawaka moto yenyewe. Kwa hiyo robota huwekwa likiwa kavu kabisa, chini ya paa, juu ya magogo, mbali na jiko.

Hesabu yake ni nyepesi. Ng'ombe wa kilo 350 hula takriban kilo 10 za nyasi kavu kwa siku. Robota moja humtosha siku mbili, na kiangazi cha siku 60 humalizwa na marobota 30. Askari aliye zamu mbali na nyumbani hawezi kwenda kukata majani kila alfajiri, na mkewe ana kazi nyingine tele. Likizo moja ya wakati nyasi zinapochanua, sanduku moja na mafungu machache ya kamba vyatosha kumwokoa ng'ombe wa maziwa, na pamoja naye kikombe cha mtoto, hadi mvua zitakaporudi.