Kibarua na Mwajiri Wake

Neno kibarua limetokana na barua. Katika miji ya pwani mfanyakazi wa kutwa alipewa kipande kidogo cha karatasi, kikawa ushahidi wa kazi yake na wa haki yake ya kudai ujira. Baadaye jina la karatasi likageuka kuwa jina la kazi, na jina la kazi likageuka kuwa jina la mtu. Karatasi ile, ijapokuwa ndogo, iliunganisha watu wawili: aliyefanya kazi na aliyepaswa kulipa. Kibarua wa zamani alikuwa maskini, lakini alijua mlango wa kubisha.

Mlango huo ulibishwa kwa kishindo huko Mombasa mwaka 1947. Tarehe 13 Januari watu wapatao 15,000 waliacha kazi: wachukuzi wa bandarini, watu wa reli, wapishi na watumishi wa majumbani. Vita vilikuwa vimekwisha, bei za vitu zimepanda, vyumba vya kupanga ni haba, na mshahara umebaki nyuma. Wagomaji walikutana katika uwanja wa Kiembeni, wakasikilizana, wakawa na umoja wa wafanyakazi wa Kiafrika ambao Chege Kibachia alikuwa rais wake. Mgomo ulidumu karibu siku kumi na mbili. Baraza la uamuzi liliwekwa, na sehemu ya wafanyakazi wakapata nyongeza. Lakini mwezi wa Agosti mwaka ule ule Kibachia alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Baringo. Hivyo nyongeza ilikuja na kiongozi akaenda. Juu ya hayo yote, jambo moja halikuwa na shaka. Shehena ilikuwa Kilindini, na Kilindini haichukuliki mgongoni. Tajiri aliyetaka meli yake ipakuliwe hakuwa na budi kusema na watu wa Mombasa.

Miaka zaidi ya sabini baadaye kazi ya namna nyingine ilifika Nairobi, nayo haikuhitaji bandari. Ilipita katika nyaya na mitambo, ikatua juu ya meza. Kampuni kubwa ya Marekani yenye mtandao wa Facebook, ambayo tangu mwaka 2021 huitwa Meta, ilikuwa na haja ya watu wa kukagua maneno na picha zinazotolewa na watumiaji wake barani Afrika, ili yasiyofaa yaondolewe. Kazi hiyo, kuanzia mwaka 2019, ilifanywa Nairobi chini ya mkandarasi aitwaye Sama, naye pia wa Marekani. Vijana waliandikwa kwa sababu ya lugha zao: Kiswahili, Kiamhari, Kisomali, Kihausa, Kizulu. Baadhi yao walitoka nchi nyingine, wakaacha jamaa zao wakitumaini neema. Mgeni njoo, mwenyeji apone: ndivyo kazi ile ilivyopokewa.

Lakini kila kazi ina jasho lake. Mchukuzi wa Kilindini aliumia mgongo. Mkaguzi wa Nairobi aliumia moyo. Saa kwa saa alitazama watu wakichinjwa, wakiteswa, wakijiua, na watoto wakitendewa maovu, ili wengine wasiyaone. Alikuwa ametia sahihi ahadi ya kutunza siri, kwa hiyo hata nyumbani hakuwa huru kueleza kwa nini usingizi umemkataa. Mwaka 2022 gazeti la Time liliandika kwamba baadhi yao walipata kiasi cha dola 1.50 kwa saa. Mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alijaribu mwaka 2019 kuwakusanya wenzake wadai haki kwa pamoja, akaachishwa kazi. Mwaka 2022 alizishtaki kampuni zote mbili mahakamani Nairobi.

Mwezi wa Januari 2023 Sama ilitangaza kuwa inaacha ukaguzi ili ishike kazi nyingine, na watu wapatao 260 wakaambiwa kuwa nafasi zao zimekwisha. Mkataba ulikwenda kwa Majorel, kampuni ya Luxembourg, nao waliopunguzwa wakadai kwamba majina yao yalizuiwa wasiandikwe huko. Ndipo likatokea jambo linalostahili kufikiriwa kwa makini. Zaidi ya watu 180 walikwenda mahakamani kupinga kuachishwa. Mwisho wa mwaka 2024 taarifa ya daktari iliyotolewa katika kesi ilionyesha kuwa zaidi ya 140 kati ya waliopimwa walikuwa na maradhi makali ya kiwewe. Basi watu waliougua kwa kazi ile ndio waliopigania wasiondolewe katika kazi ile.

Mwenye kushiba atawacheka. Mwenye kujua kodi ya nyumba, ada ya shule na hati ya mgeni ya kukaa nchini hatacheka. Uchungu wa kupunguzwa kazini una pande mbili kama upanga: mtu huchukia kazi iliyomdhili, na huogopa siku ya kuikosa. Mwajiri ajuaye hofu hiyo hana haja ya bakora. Hofu yenyewe humfanyia usimamizi.

Mahakamani swali la kwanza halikuwa mshahara wala maradhi. Lilikuwa hili: mwajiri ni nani? Meta ilisema kwamba haikuwaajiri watu hao, na kwamba si kampuni iliyokaa Kenya wala kufanya biashara humo. Mkandarasi alikuwa na mkataba, lakini kazi, kanuni zake na matokeo yake yalikuwa ya mwingine. Mwezi wa Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilikataa rufani za Meta, ikaamua kuwa kampuni hiyo yaweza kushtakiwa Kenya. Uamuzi huo haukuwa hukumu ya madai yenyewe. Ulikuwa ruhusa ya kubisha mlango. Kibarua wa zamani alianza na ruhusa hiyo mkononi, katika kipande chake cha karatasi. Mkaguzi wa Nairobi aliitafuta kwa miaka, na kwa mawakili.

Wako wasemao kwamba kelele za wafanyakazi hufukuza kazi. Afadhali kidogo cha amani kuliko kingi cha ugomvi. Hoja hii haina budi kupimwa kwa haki, maana yamkini mashtaka ya mwaka 2022 yaliharakisha safari ya mkandarasi. Lakini kazi iliyovutwa na urahisi wa ujira huwa imekwisha kufunga mizigo siku ile ile iliyofika. Kimya cha wengi hakikuizuia. Baadaye ilijulikana kuwa ukaguzi wa aina hiyo hiyo ulikuwa ukifanywa Accra, Ghana.

Hapa ndipo lilipo fundisho kubwa. Mfanyakazi wa Marekani anapoambiwa kuwa kazi yake imepelekwa ng'ambo, humwona kijana wa Nairobi kuwa mwizi. Kazi hiyo inapoondoka Nairobi, kijana huyo hushawishika kumwona mwenzake wa Accra kwa jicho lile lile. Kila mmoja amwona aliyepokea, wala hamwoni aliyehamisha. Ilhali wote watatu ni vibarua wa karatasi moja, nayo imeandikwa mahali wasipopafikia.

Kifungu cha 41 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kugoma. Tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi hizi walikutana Nairobi, wakapiga kura ya kuunda chama chao. Mwishoni mwa Aprili 2025, katika mji huo huo, vyama vya wakaguzi kutoka nchi kadhaa, miongoni mwake Ghana, Uturuki na Ufilipino, vilitangaza umoja wao. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mkono wa nchi moja haumshiki mwajiri mwenye nyumba katika nchi zote.

Watu wa Kiembeni walikuwa na uwanja mmoja, na uliwatosha, kwa kuwa shehena yao haikuwa na pengine pa kwenda. Shehena ya leo ina pengine pengi. Uwanja wa kukutania hauna budi kuwa na upana wa safari yake.