Kuhama kwa Kisanduku

Nyumba ni dola ndogo. Kila kitu kilichomo kina mahali pake, na kila mahali pana mwenyewe. Mtu akihamisha kigoda hapana amwulizaye. Bali akihamisha kitu kinachotegemewa na watu wote, huona mara moja kuwa amegusa mambo mengi kuliko alivyodhani. Jambo hili lilimpata mwalimu mmoja mstaafu wa Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe, kwa sababu ya kisanduku cheusi kisichozidi ukubwa wa kitabu.

Kisanduku hicho kilikuwa cha intaneti. Hapakuwa na waya uliokifikia kutoka barabarani, kama ilivyo katika nyumba nyingi za miji mikubwa. Kilipokea mawimbi ya mnara wa simu uliosimama juu ya kilima, kisha kikayagawa kwa vyombo vya nyumbani. Karagwe ni nchi ya vilima na mabonde, na mawimbi ya mnara hayapindi kilima kwa urahisi. Dirisha lililoutazama mnara waziwazi lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa la chumba alicholala Mwalimu. Basi kisanduku kiliwekwa hapo, kando ya dawa zake, kwa maana goti bovu lilikuwa limemfunga kitini siku nyingi.

Kila jioni wajukuu wake watatu walikuja chumbani, wakaamkia, wakaketi mkekani na simu na kompyuta yao. Kurasa zilifunguka polepole, na katika kungoja kule Mwalimu alipata nafasi yake. Aliwasimulia habari za Kafuro, kituo cha wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, ambako habari za Unguja zilifika baada ya miezi. Aliwasimulia habari za Rumanyika, mfalme wa Karagwe, aliyewapokea Waingereza wawili, Speke na Grant, mwezi wa Novemba 1861 katika makao yake ya Bweranyange. Na jinsi Speke alivyoshika njia ya Buganda mwezi wa Januari 1862, akamwacha mwenziwe nyuma kwa sababu ya mguu uliougua. Mwalimu aliyajua maumivu ya mguu, na sehemu hiyo aliikawiza sana. Mara nyingi ukurasa ulifunguka kabla hajaimaliza.

Mama wa watoto hao, binti yake, alifundisha fizikia katika shule ya sekondari huko Nkwenda, Wilaya ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Alirudi kwa baba yake kila Ijumaa. Naye mwenyewe alikuwa akisoma katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na alihitaji meza pana ya sebuleni, kompyuta yake, na runinga ya kutazamia mihadhara. Lakini sebuleni mtandao ulifika umechoka, na mara nyingine haukufika kabisa.

Binti alitafuta sababu kwa utaratibu wa kazi yake. Mawimbi ya kisanduku, yenye mzunguko wa gigahezi 2.4, yana urefu wa sentimita 12 hivi. Hupenya ukuta wa matofali yakiwa yamepungua nguvu. Chuma huyarudisha yalikotoka. Ukutani, katikati ya chumba cha baba yake na sebule, lilisimama kabati la chuma lenye vyeti, barua za kazi na karatasi za kibanja.

“Baba,” alisema, “waya wa SEACOM ulipita chini ya bahari ukafika Dar es Salaam mwaka 2009. Kutoka huko mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,000. Mtandao unakuja mwendo wote huo, halafu unashindwa na kabati lako.”

Mwalimu alicheka, lakini kabati hakukubali liguswe. “Karatasi hizo ni wenyeji,” alijibu. “Kisanduku ni mgeni. Mgeni ndiye ahamaye.” Alisema hivyo kwa furaha, wala hakujua alichokuwa akikitoa.

Jumamosi kazi ilianza. Kisanduku kiliwekwa karibu na runinga, kikaonyesha alama moja ya mnara kati ya tano. Kilipelekwa kwenye dirisha lililoelekea kibanja, zikawa mbili. Mwisho kilipandishwa juu ya rafu katika pembe ya mlango wa mbele, ambapo kupitia kidirisha bega la kile kilima lilionekana, zikawa nne. Waya wa umeme uliongezwa urefu. Runinga, kwa kuwa haihami, iliungwa na kisanduku kwa waya wake. Kompyuta na simu ziliachiwa hewa. Kufika jioni binti alikuwa amekwisha kupeleka kazi yake chuoni, na watoto walishangilia kila ukurasa uliofunguka pasipo kungoja.

Jumatatu binti alirudi Nkwenda. Jioni ile Mwalimu aliketi kitini akasikia vicheko upande wa pili wa ukuta. Mkeka ulikuwa umekunjwa. Watoto walikuja kuamkia, wakapokea marahaba yao, wakatoka. Ikawa hivyo Jumanne, ikawa hivyo Jumatano. Muda wote aliamini kuwa watoto wale walimfuata yeye. Sasa alilazimika kujiuliza kama walikifuata kisanduku, na swali hilo lilimwuma kuliko goti. Hakumlaumu mtu. Hata hivyo, chakula cha Jumatano alikirudisha nusu.

Alhamisi mjukuu mdogo aliingia mikono mitupu.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Mtandao umekatika?”

“Haujakatika. Yule Mzungu mwenye mguu mbaya alitokaje Karagwe? Hukumaliza.”

Mwalimu alimtazama kitambo. “Alibebwa,” alisema. “Ilikuwa mwezi wa Aprili 1862. Hakuweza kutembea, wakampeleka kwa machela.”

Mtoto alitoka bila neno, akarudi na nduguze. Walitaka kumwinua pamoja na kiti chake. Mwalimu alikataa kubebwa, akaitisha fimbo. Watoto wakatangulia na kiti, naye akawafuata hatua kwa hatua, akilipita kabati la chuma, mpaka sebuleni. Walikiweka kiti chini ya rafu.

Binti alipokuja Ijumaa alikuta kiti kipo pale na baba yake yu ndani yake, akisimulia. Alikuwa amezihesabu alama za mnara katika kila pembe ya nyumba, na hakuwa amemwuliza mzee wake ataketi wapi. Aliweka mfuko wake chini, akazima runinga, akavuta kigoda akaketi pamoja na wanawe.