Kibakuli cha Jiwe na Shimo Lililoachwa

Katika nyumba zetu nyingi za pwani hakukosekani chombo cha jiwe la Kisii: kibakuli cha tende, kinara cha mshumaa au kisahani cha kuwekea udi. Watoto hukishika wakakiona laini kama sabuni, lakini ni wachache wanaouliza kilikotoka.

Hutoka Tabaka, katika Kaunti ya Kisii. Safari za kuwazuru ndugu zetu Waislamu wa Kisii na Nyamira zimenifikisha huko zaidi ya mara moja. Wanaume hushuka machimboni kwa sururu na mitaimbo, wakapandisha mapande ya jiwe, jeupe au la waridi. Wachongaji hulichonga kwa panga na visu, kisha akina mama hukaa penye mabeseni ya maji wakalisugua kwa msasa mpaka ling'ae. Mwana wa Tabaka, Elkana Ong'esa, aliufikisha ufundi huu Paris, ambako kazi yake imesimama katika makao makuu ya UNESCO. Hukumu ya sanamu za viumbe wenye roho wanavyuoni wamekwisha kuibainisha, wala siyo maudhui yangu leo. Maudhui yangu ni shimo.

Kwani kila kibakuli kina shimo lake. Kisii na Nyamira ni nchi ya vilima vyenye rutuba, migomba na michai, na watu ni wengi juu ya mashamba madogo. Shimo likiachwa wazi, riziki ya familia imepungua. Mvua ikinyesha hugeuka kidimbwi, na mama mwenye mtoto anayeanza kutembea hana amani. Nasi tusijione tuko mbali: nyumba zetu ni mawe ya matumbawe yaliyokatwa ardhini na saruji iliyotokana na mawe hayo. Mji unapopanda juu, mahali fulani ardhi imeshuka.

Je, shimo lina dawa? Bamburi ni shahidi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, penye mwamba mtupu. Miche mingi ikafa, mivinje ikastahimili. Majani yake makavu yalijirundika bila kuoza, basi akaleta majongoo wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Leo pale ni msitu, Haller Park, na watoto wetu hupelekwa kutazama twiga na viboko. Huo nao ni uchongaji, ila kilichochongwa ni nchi yenyewe.

Mwenyezi Mungu ametukataza kufanya uharibifu katika ardhi baada ya kutengenezwa kwake. Amri hiyo haimhusu mchimbaji peke yake. Sisi tunaovutana na muuzaji mpaka shilingi ya mwisho tunamwachia nini mchimbaji wa Tabaka, hata apate nguvu ya kufukia shimo na kupanda mche? Basi mama unaponunua chombo hicho, lipa thamani ya mikono iliyokitengeneza, uliza habari ya shimo lake, na umsimulie mwanao. Mtoto akijua kwamba kila kizuri kimetolewa mahali, atakua akijua kurudisha.

Wabillahi tawfiq.