Nyumba Ndogo ya Mume Wangu

Usishtuke msomaji. Ni kweli mume wangu ana nyumba ndogo, mimi naijua, na tena nilichangia kuinunua. Ni gari-nyumba, yale ya kizungu yenye kitanda, jiko la gesi, friji na choo humo humo. Kuanzia Mei hadi Septemba tunazunguka nalo kwenye maziwa ya Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani tunakoishi. Shida ni baridi ikija.

Huku Januari si ajabu kipimo kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Mwaka wa kwanza Baba Neema alisema tuliache tu hapo uani, eti gari ni gari. Nikanyamaza, maana hata mimi sikujua. Kumbe maji yalibaki kwenye mabomba, na maji yakiganda hutanuka. Aprili tulipofungulia, jamani! Yalimwagika chini ya sinki, nyuma ya choo, hadi kwenye godoro. Pampu nayo kwisha habari yake. Hela aliyokula fundi ndiyo ilikuwa nauli yangu ya kwenda Moshi kumwona mama. Tuligombana vibaya, mwenzangu akabeba blanketi akaenda kulala ndani ya gari hilo hilo! Tangu hapo likawa kimbilio lake kila tukikorofishana.

Oktoba iliyofuata nikasema safari hii natafuta mimi. Kuliacha nyumbani kuna kasheshe lake, miji mingi huku ina sheria za wapi uegeshe gari kama hilo na kwa muda gani. Viwanja vya wazi vyenye uzio vina nafuu ya bei, ila theluji yote inakaa juu ya paa. Maghala yenye hita, mh, usiulize. Mwisho nikapata uwanja wa maonyesho ya kilimo, mwendo wa saa moja kusini mwa Minneapolis. Ni kama Nane Nane yetu vile: majira ya joto wakulima hushindanisha ng'ombe na nguruwe wao, halafu baridi ikiingia mabanda hupangishwa kwa wenye maboti na magari-nyumba. Wanatoza kwa futi, kufuatana na urefu wa gari.

Kwa kuwa banda halina hita, tulijiandaa nyumbani kabisa. Tukamwaga maji yote, tukapitisha kwenye mabomba ile dawa ya pinki ya kuzuia kuganda (si ya kijani ya kwenye rejeta, hiyo ni sumu). Betri tukaing'oa ibaki kwetu, kwani ikiisha chaji nayo huganda. Chakula chote nje, hata punje ya mchele, maana panya nao wanatafuta pa kujisitiri. Mlango wa friji tukauacha wazi lisivunde.

Njia nzima ni mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na upepo wa kukata masikio. Ndani ya banda kulinukia majani makavu na ng'ombe kwa mbali, nikalikumbuka zizi la bibi yangu. Mzee mwenye funguo akamwongoza Baba Neema kwa mikono, taratibu, mpaka gari likakaa nyuma kabisa. Halafu akatuambia likishaingia limeingia. Mbele yake yatapangwa mengine, hakuna kutoka mpaka Aprili.

Nikamwona mume wangu anahesabu miezi.

"Mama Neema, sasa tukikorofishana nitalala wapi?" akaniuliza kwa Kiswahili, mzee asielewe.

"Kochi lipo."

"Lile fupi?"

Novemba, theluji ya kwanza, tukakorofishana. Ilikuwa ile ile nauli ya Moshi. Akabeba blanketi hadi mlangoni, akashika kitasa, akakumbuka. Akarudi, akakaa ukingoni mwa kitanda bila kusema kitu, blanketi mapajani. Nikaanza mimi. Tuliongea mpaka saa nane usiku, na kwa mara ya kwanza akasema lile gari lilimuuma kuliko nilivyodhani, kwa sababu ya mama.

Tiketi yangu ni ya Julai. Gari tunalifuata Aprili, betri ipo stoo.